Shajara ya gesifaya: chuma kinacholiwa moto ukiwa umezimwa

9 Februari

Mwili wa gesifaya umesimama uani kwa karakana, umefungwa boliti kwenye zege, na matofali ya moto ya ndani yamekauka. Ni mtambo mdogo wa kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi ya kuchoma: makaa yanaingia kwa juu, hewa na mvuke vinapulizwa chini ya wavu, gesi inatokea juu karibu na mdomo wa kujazia. Gesi hiyo itakwenda kuchoma vigae kwenye tanuru lililo nyuma ya ukuta. Kuhusu moto wenyewe sina wasiwasi, mafundi wa Mbeya moto wanaujua. Niliyopewa mimi ni kazi nyingine: kabla haujajengwa ule mtambo mkubwa, niseme kila sehemu itengenezwe kwa chuma gani na ipakwe nini ili isiliwe.

Nimeugawa mtambo sehemu tatu. A ni juu kidogo ya moto, ndani ya bomba lenye matundu ili makaa yasivigonge vipande vya majaribio. Hapo joto linafika nyuzi 850 hadi 900. B ni shingo ya kutolea gesi, nyuzi 350 hadi 450. C ni bomba la baada ya kipozeo, ambako gesi imepoa hadi unaweza kulishika bomba kwa mkono, na maji yenye lami yameanza kujikusanya chini.

Vipande vyote ni vya ukubwa mmoja, vimepigwa msasa hadi namba 600, vikaoshwa kwa asetoni na kupimwa kwenye mizani ya maabara. Kuna chuma cha kawaida, stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) za aina mbili, 304 na 310, na nafasi imeachwa kwa chuma cha kawaida kitakachopakwa aluminiamu. Kwa C nimeongeza kipande cha bomba la zinki na kingine kilichopakwa ile rangi ya fedha ya dukani ambayo kopo lake linasema inahimili nyuzi 600. Mzee, fundi wetu mkuu, alitaka kuvigonga namba kwa mihuri ya chuma. Nimemwomba tusifanye hivyo, maana mahali palipogongwa ndipo huanza kuliwa. Tumekata alama kwa tupa ukingoni: mkato mmoja, miwili, mitatu.

14 Februari

Leo hesabu ya salfa, kwa sababu bila hiyo hakuna maana ya kubishania chuma.

Makaa yetu yanatoka upande wa Songwe, yanaletwa na fuso. Kwa hesabu nyepesi nimechukua kwamba asilimia 1 ya uzito wake ni salfa. Kilo moja ina gramu 10. Karibu yote hugeuka kuwa haidrojeni salfaidi, H2S, ile inayonuka yai viza, na gramu 10 za salfa zinatoa takriban lita 7 za gesi hiyo. Kilo hiyohiyo ya makaa ikipulizwa hewa hutoa mita za ujazo 3 hivi za gesi ya kuchoma. Ukigawanya, H2S inakuwa kama asilimia 0.2. Ukiisoma tu utaidharau, lakini kwa chuma chenye moto hiyo si kidogo.

Ubaya ni kwamba ndani ya gesifaya oksijeni huru karibu haipo. Kwenye dohani ya kawaida stenlesi hujifunika ngozi nyembamba ya oksaidi ya kromiamu, ngozi inayokua polepole mno na kuyazuia mengine yote yasipite. Ndani ya gesi yetu, oksijeni iliyopo ni ile kidogo inayochomoka kwenye mvuke na CO2: sehemu moja katika bilioni mara bilioni, kwa kukadiria. Salfa nayo iko palepale ikigombea kromiamu ileile. Ikishinda salfa, ngozi inayoota ni ya salfaidi, na salfaidi hukua kwa kasi kubwa kuliko oksaidi kwa sababu ndani yake kuna mapengo mengi ambamo atomu za chuma hupita kwenda nje. Inanenepa, inabanduka, nyingine inaota chini yake. Kila gamba linaloanguka ni unene wa bomba lako.

20 Februari

Dada wa maabara ameuliza kama hakuna mtu aliyeshafanya kazi hii. Wapo. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, Wamarekani waliyarudia makaa yao ya mawe kwa nguvu, na taasisi ya utafiti ya IIT (Illinois Institute of Technology) huko Chicago ikapewa kazi ya kujaribu aloi nyingi, yaani michanganyiko ya metali, ndani ya gesi ya kuiga ile ya gesifaya: haidrojeni, CO (monoksaidi ya kaboni), CO2, methani, amonia, mvuke, halafu H2S kidogo kidogo. Joto lilifika nyuzi 982. Aloi zenye kromiamu ya kama asilimia 25 zilivumilia zaidi, na kupaka aluminiamu kulisaidia. Ila H2S ilipopandishwa kutoka nusu asilimia hadi asilimia 1, nyingi zilizokuwa zimesimama vizuri zilianguka. Hakukuwa na kushuka taratibu. Ni ngazi, unakanyaga na chini hakuna kitu.

Nilichochukua kwao ni namna ya kupima. Hawakuishia kwenye mizani. Walikikata kipande, wakakitazama kwa hadubini, wakapima unene wa chuma kizima uliobaki, yaani bila ngozi ya juu na bila ile sehemu ya ndani ambayo salfa imeshaichimba. Mizani peke yake inadanganya, kwani salfa inayoingia inaongeza uzito na gamba linaloanguka linapunguza. Vikilingana, kipande kilichooza kinaonekana hakijaguswa.

Kwa vipande vya C, ambavyo kutu yake inaoshwa yote, uzito unatosha. Kanuni ni hii: zidisha miligramu zilizopotea kwa 87.6, kisha gawanya kwa uzito mahususi wa chuma, kwa eneo la kipande katika sentimita za mraba, na kwa saa. Jibu ni milimita kwa mwaka. Mfano: miligramu 100 zimepotea kwenye kipande cha sentimita za mraba 20, saa 500, chuma cha 7.85. Inatoka 0.11. Sisi tumejiwekea mpaka wa nusu milimita kwa mwaka. Kinachozidi hapo hakijengwi.

3 Machi

Jaribio dogo lililonifurahisha kuliko yote mpaka sasa. Vipande vya A vinahitaji waya wa kutundikia. Dukani kuna nyaya za aina mbili za matanuru ya umeme: nikromu, ambayo ni nikeli asilimia 80 na kromiamu 20, na Kanthal, ambayo ni chuma, kromiamu asilimia 22 hivi na aluminiamu kati ya 5 na 6. Kila mtu hapa karakanani alichagua nikromu. Ni waya mlaini, unapindika vizuri, halafu nikeli inaheshimiwa.

Nimevitia vyote viwili kwenye kijitanuru cha maabara, ndani ya gesi iliyotiwa H2S, nyuzi 800. Kanthal imetoka ya kijivu, nzima. Nikromu imetoka na matone. Matone kabisa, madogo meusi yanayong'aa, yamejipanga kwenye waya mahali ambapo waya wenyewe umekonda kama uzi. Nikeli safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, lakini ikishachanganyika na salfaidi yake mchanganyiko huo unayeyuka kwenye nyuzi 637. Kwa hiyo juu ya joto hilo hushughuliki na ngozi tena, unashughulika na kimiminika kinachokula kwenda ndani.

Mzee ameushika ule waya mwangani, akaugeuza, akasema: "Injinia, na hii ndiyo tuliyoambiwa ya bei mbaya?"

Ndiyo hiyo. Kwenye mtambo wenye salfa, kuongeza nikeli kwa kudhani unaongeza usalama ni kosa. Nimeandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya ununuzi: hakuna aloi yenye nikeli nyingi mahali panapozidi nyuzi 600.

12 Machi

Upakaji wa aluminiamu. Wengi wakisikia "kupaka" wanafikiria brashi. Huu ni upakaji wa kupenyeza. Vipande vinafukiwa ndani ya sanduku la chuma lililojaa unga: alumina (oksaidi ya aluminiamu) kwa wingi, aluminiamu ya unga kiasi, na kloridi ya amoniamu kidogo, ile chumvi nyeupe wanayoitumia mafundi wa kupaka bati. Mfuniko unazibwa kwa udongo wa mfinyanzi, sanduku linaingia tanurini, nyuzi 950, kwa saa kadhaa. Ile chumvi inageuka mvuke, inabeba aluminiamu mpaka kwenye uso wa chuma, inaiacha hapo na kurudi kuchukua nyingine. Aluminiamu nayo haikai juu, inazama ndani ya chuma na kuwa aloi nacho.

Tahadhari kwa atakayejaribu: aluminiamu ya unga ikipeperushwa hewani inaweza kulipuka. Tulichanganya polepole, feni zimezimwa, hakuna moto karibu.

Vimetoka vya kijivu kisichong'aa, na tupa ikipita juu inateleza. Hadubini inaonyesha tabaka la karibu sehemu ya kumi ya milimita, limeshikamana bila mwanya. Halafu nikakunja kipande kimoja kwa makusudi. Nyufa zilitokea upande wa nje wa mkunjo, nyembamba, zimepangana. Tabaka hili ni gumu lakini linavunjika. Maana yake kwa karakana: kata kwanza, pinda kwanza, chomelea kwanza, toboa kwanza, kisha ndipo upake. Ukipaka halafu ukaja na mashine ya kuchomelea, pale ulipochomelea umepavua nguo.

30 Machi

Moto umewashwa. Blowa inahangaika. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jedwali la mtengenezaji liliandikwa kwa mtu wa pwani. Tumeongeza mzunguko, sasa gesi inashika mwali wa buluu wenye ncha ya njano. Vipande viko ndani. Tunawasha asubuhi, tunazima jioni, Jumapili mtambo unalala, kama utakavyotumika kweli.

24 Aprili

Tumefungua.

Kwanza jambo la usalama, nalieleza kirefu kwa sababu limetutokea mbele ya macho. Mzee alilegeza boliti za flanji ya B akiwa na mpira wa maji mkononi. Sikumwambia mimi, aliyajua hayo tangu alipofanya kazi kwenye matangi ya mafuta. Ndani ya shingo kulikuwa na vumbi jeusi lililokaa kama sentimita moja. Hewa ilipoingia, lile vumbi likaanza kuwaka. Halikutoa mwali, wekundu tu uliotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, na harufu ya kiberiti kilichowashwa puani. Ni salfaidi ya chuma. Ikikauka na kukutana na oksijeni inajiwasha yenyewe. Mzee akaimwagia maji ikazima. Kama pale ndani pangebaki gesi, ambayo CO yake hulipuka ikiwa kati ya asilimia 12.5 na 74 ya hewa, leo ningekuwa naandika mengine. Na mtu asitegemee pua kumwambia H2S imezidi: ikishakuwa nyingi pua inakufa ganzi, na unadhani imeondoka.

Sasa vipande.

A. Chuma cha kawaida hakitambuliki. Kimekuwa tabaka za magamba meusi, ukibonyeza kwa kidole linabaki jani jembamba la chuma katikati. Stenlesi 304 imeliwa sana pembeni. Kipande cha 310, chenye kromiamu asilimia 25, kilinidanganya kwa dakika chache: uso mzuri, uzito haujabadilika sana. Dada wa maabara amekikata, akakigandisha kwenye resini, akakisugua mpaka kiwe kioo. Chini ya hadubini kuna vidole vya kijivu vinavyoshuka kwenye mipaka ya chembe za chuma, virefu kuliko ngozi ya juu yenyewe. Hicho ndicho mizani isingekisema. Kilichopakwa aluminiamu kimesimama vizuri kwenye nyuso bapa, kimefunguka kwenye kona. Kona kali zina tabaka lililopasuka, na salfa imeingia hapo ikachimba uvungu. Kwa hiyo kona zote ziviringishwe kwa grinda kabla ya kupakwa.

B. Kuna magamba kwenye chuma cha kawaida. Mengine yote yako sawa. Hapa nilikuwa na hofu ya ugonjwa mwingine. Gesi yenye CO nyingi, kati ya nyuzi 450 na 800, huingiza kaboni ndani ya chuma mpaka chuma kinageuka unga mweusi na kuacha mashimo. B iko karibu na mpaka huo wa chini. Hatujaona hata shimo moja, na sababu yake inachekesha: H2S inajibandika juu ya uso wa chuma na kuizuia kaboni isiingie. Adui mmoja anamfungia mwenzake mlango. Siku tukipata makaa yasiyo na salfa kabisa, au tukiiondoa salfa kabla ya shingo, itabidi B ichunguzwe upya.

C. Hapa ndipo nimekaa mpaka jua limezama. Zinki imekwisha, limebaki doa jeupe. Rangi ya fedha imefura malengelenge, na chini ya kila lengelenge kuna maji meusi. Chuma cha kawaida kina mashimo yenye kina, na kwa hesabu ya 87.6 kimevuka mpaka wetu. Yote hayo yametokea mahali ambapo unaweza kuweka mkono bila kuungua. Michoro ya mtambo mkubwa imetenga pesa nyingi kwa A na senti kwa C.

6 Mei

Swali: C inaliwa saa ngapi?

Gesi ikiwa inapita, maji yanayodondoka C yana H2S, CO2 na kloridi kidogo, lakini pia yana amonia ya kutosha kutoka kwenye naitrojeni ya makaa. Nimeyapima yakiwa ya moto kutoka bombani: karatasi ya litmasi inaonyesha yako upande wa alkali, si wa asidi. Maji ya namna hiyo hufunika chuma kwa utando mweusi wa salfaidi na mambo yanatulia. Niliyoyakinga asubuhi, baada ya usiku mzima mtambo ukiwa umezimwa, yaliigeuza karatasi kuwa nyekundu.

Nimetengeneza kipimo rahisi. Utepe mwembamba wa chuma cha kawaida umewekwa ndani ya C, na pembeni yake utepe pacha umefunikwa kabisa kwa epoksi. Chuma kikikonda, ukinzani wake wa umeme unapanda. Utepe uliofunikwa unaniambia ni kiasi gani cha mabadiliko kinatokana na joto tu, ninakitoa, kinachobaki ni kuliwa. Tunasoma mchana na usiku. Mlinzi wa zamu amejitolea kusoma usiku, na anaandika namba vizuri kuliko wanafunzi.

19 Mei

Grafu imekuja. Mchana, moto ukiwaka, mstari umelala. Jioni tunazima, bomba linapoa, gesi inajikunja, hewa inavutwa ndani kupitia kila upenyo. Saa moja au mbili baadaye mstari unaanza kupanda, na unapanda mpaka asubuhi. Jumapili nzima unapanda. Nikiunganisha vipande vya mchana peke yake, C ingedumu miaka mingi hata ikiwa ya chuma cha kawaida.

Kinachotokea ni kwamba hewa na unyevu vinaikuta ile salfaidi ya chuma iliyotandwa ukutani, na kwa pamoja vinatengeneza asidi za salfa. Usiku wa Mbeya unasaidia, umande unashuka ndani ya bomba kama unavyoshuka nje.

Hii inabadilisha mpangilio wa mradi. Tulikuwa tunauliza chuma gani kinavumilia gesi. Kwa mtambo unaowashwa na kuzimwa kila siku, swali linalolipa zaidi ni bomba linawekwaje likiwa halifanyi kazi.

4 Juni

Kuna tawi baya zaidi la jambo hilohilo, nalo linagusa stenlesi. Stenlesi 304 ikikaa kati ya nyuzi 425 na 815, au ikichomelewa, kromiamu iliyo kwenye mipaka ya chembe zake inajifunga na kaboni na mipaka inabaki maskini. Mtambo ukizimwa, salfaidi, hewa na maji hutengeneza asidi zinazoitwa polithioniki. Hizo zinaifuata mipaka ileile maskini, na kama chuma kimevutwa, bomba linapasuka. Halikondi kwanza. Linapasuka likiwa na unene wake wote.

Nimekunja vipande vya 304 kwa umbo la herufi U, vingine vikiwa na mshono wa kuchomelea katikati, nikavikaza kwa boliti na kuvitundika B. Vikapata moto mchana na umande usiku. Leo tumevipaka ile rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, inayopenya ndani yake, tukasubiri, tukafuta, tukapuliza unga mweupe. Kwa dakika moja hakukuwa na kitu. Kisha pembeni ya mshono, milimita mbili tatu kutoka kwenye chuma cha kuchomelea, ukatoka mstari mwekundu, mwembamba, wenye matawi. Kipande cha stenlesi 321, chenye titaniamu inayoishika kaboni kabla haijaigusa kromiamu, kimebaki cheupe.

Wakubwa nao yamewapata. Mtambo wa umeme wa gesi ya makaa wa Polk, Florida, megawati 250, ulioanza 1996, ulikuwa na vibadilisha joto kati ya gesi chafu na gesi safi. Viliziba, vikaliwa, vikavuja, majivu yakafika kwenye turbini ya gesi na kuiharibu. Mwaka 1997 waliving'oa wakaendelea bila hivyo. Na Wabash River, Indiana, megawati 262, ulioanza 1995, ulibadilisha mishumaa ya kauri ya kuchujia vumbi ukaweka ya metali mwaka uliofuata, kwa sababu ya kauri ilikuwa inavunjika. Huwa nawaambia wanafunzi wasome habari za vitu vilivyong'olewa. Zina faida kuliko picha za uzinduzi.

17 Juni

Dawa ya kuzima inajulikana kwenye viwanda vya mafuta: kabla hewa haijaingia, osha kwa maji yenye asilimia 2 ya sodiamu kaboneti, na usisuuze. Acha utando mweupe ukaukie hapohapo ili asidi yoyote itakayozaliwa ikute kitu cha kuinyamazisha.

Sodiamu kaboneti ni magadi. Mzee alifurahi, akasema mke wake anayo debe zima la kuivishia maharage. Ikabidi nimweleze kwa heshima kwamba hayo hayafai. Magadi ya kuokota ziwani ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, na huja na chumvi ya kawaida ndani yake. Kloridi hiyo ikibaki juu ya stenlesi yenye moto inaleta mpasuko wa aina nyingine. Nimechukua kijiko cha magadi ya sokoni, nikayamaliza kwa asidi ya naitriki, nikadondosha naitreti ya fedha, inayoonyesha kloridi: likaja wingu jeupe zito. Ya kiwandani, yaliyosafishwa, yalitoa ukungu hafifu tu. Tunanunua ya kiwandani, kwa gunia, na tunayeyusha kwa maji ya mvua, si ya bomba.

Mpangilio mpya wa kuzima: funga hewa, fukuza gesi kwa mvuke mpaka kipimo cha CO kitulie, pulizia magadi kuanzia B kwenda C kabla bomba lililopashwa na mvuke halijapoa chini ya nyuzi 60, toa maji yote chini, funga vali zote. Naitrojeni ingekuwa bora, ila mtungi wake unatoka mbali na bei yake haivumiliki kwa kazi ya kila siku. Kwa Jumapili tumefunga utepe wa kupashia joto kwenye C, wati chache tu, bomba lisifike kwenye kiwango cha umande.

22 Julai

Utepe wa ukinzani umekaa wiki kadhaa chini ya mpangilio mpya. Mstari wa usiku umelala karibu sawa na wa mchana. Kuna usiku mmoja uliopanda ghafla; daftari la zamu linasema umeme ulikatika na pampu ya magadi haikufanya kazi. Sikuweza kuomba ushahidi mzuri kuliko huo, na pia nimeongeza pampu ya mkono.

Vile vya U vya 304 vilivyooshwa havijaonyesha mstari mwekundu. Bado nitachagua 321 kwa shingo, kwa sababu pampu inategemea watu na watu huchoka.

8 Agosti

Orodha niliyompelekea mnunuzi, kwa ufupi wa sababu zake.

Sehemu ya A tumeiondolea metali kadiri ilivyowezekana. Bomba lenye matundu halipo kwenye mtambo mkubwa. Ukuta ni matofali, na vitu viwili tu vya chuma vinavyobaki humo, yaani ala ya themokapo (kipima joto) na mkono wa kukorogea majivu, vitakuwa vya 310 vilivyopakwa aluminiamu baada ya kuchomelewa, kona zote zikiwa zimeviringishwa. Hivyo ni vya kubadilisha kila mwaka, na flanji zake zimewekwa mahali ambapo spana inafika.

B ni 321, boliti nazo ni za 321, gasketi za grafaiti.

C ni chuma cha kawaida kinene kuliko mchoro wa kwanza, mteremko wa kutosha wa kutoa maji, vali ya kumwagia kwenye kila kona ya chini. Hakuna zinki, hakuna rangi ndani. Rangi inayojifunga malengelenge ni mbaya kuliko kutokuwa na rangi, maana inayahifadhi maji yaleyale unayoyafukuza. Pesa iliyobaki kwenye C imekwenda kwenye tangi la magadi, pampu mbili na utepe wa kupashia joto.

Mnunuzi amepiga simu kuuliza kwa nini mradi wa makaa ya mawe unaagiza magunia ya magadi. Nimempa mzee simu amweleze.

Kilichobaki mezani ni maji machafu ya C. Yana lami, fenoli, amonia na sasa magadi. Mwezi Machi 2019 mahakama ya mazingira ya India iliamuru gesifaya za makaa za viwanda vya vigae vya Morbi, Gujarat, zifungwe, na maji ya namna hii yalikuwa sehemu ya malalamiko. Sisi kwa sasa tunayarudisha juu ya moto kidogo kidogo yachomwe, lakini chumvi zake zinabaki kwenye majivu, na sodiamu inashusha joto la kuyeyuka kwa majivu. Wiki hii wavu ulitoa bonge la kioo la ukubwa wa ngumi. Kuanzia Jumatatu tunapima sodiamu ndani ya majivu, na vipande vipya vya 310 vimeshatundikwa A kuona kama hizo chumvi zinailainisha ngozi yake.